Ramani za zamani za udongo: kinachookolewa na kinachopotea zinapoingizwa kwenye kompyuta

Kunjua ramani ya udongo iliyochapwa miaka ya 1950 au 1960. Kitakachokupokea kwanza ni rangi: mabaka ya njano, zambarau na kahawia yaliyobanana kama viraka, na ndani ya kila baka herufi ndogo na tarakimu. Mikunjo imeanza kuchanika. Pembeni, pale mtu alipobandika utepe miaka mingi iliyopita, gundi imepenya hadi upande wa pili na karatasi imekuwa kahawia. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani kazi iliyobaki ni nyepesi: ipitishwe kwenye skana, ipandishwe mtandaoni, basi.

Hiyo “basi” ndiyo inayoniumiza. Zipo ramani za udongo mtandaoni zilizoskaniwa vizuri kabisa, kila rangi inang'aa, lakini ukingo wenye ufunguo umekatwa ili faili iwe ndogo. Hapo karatasi imeokolewa na maana imetupwa. Ili tuelewe kwa nini, inabidi tuanze mbali kidogo na skana, ndani ya shimo.

Mashimo nyuma ya rangi

Mtafiti wa udongo anachimba. Shimo hufika mita moja na nusu, pengine mbili, na upande mmoja huchongwa wima kama ukuta. Anashuka ndani na kusoma tabaka moja baada ya jingine: linaanzia sentimita ya ngapi, linaishia ya ngapi, mizizi imekoma wapi, kuna changarawe au hakuna. Anachukua bonge, analilowesha, analifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada ili ahisi kama ni kichanga, tifutifu au mfinyanzi. Rangi nayo haisemi kwa kukisia. Analiweka bonge kando ya vipande vya rangi katika kitabu cha Munsell na kuandika namba yake, mathalani 2.5YR 3/6, ambao ni wekundu uliokolea. Kisha sampuli zinakwenda maabara.

Shimo la namna hiyo ni ghali, kwa hiyo ni machache. Kati ya shimo na shimo panaweza kuwa na kilomita kadhaa ambazo hakuna aliyeziona kwa undani. Mstari unaotenganisha baka na baka umechorwa kwa kusoma dalili: mteremko, aina ya miti, rangi ya ardhi kwenye picha za angani zilizotazamwa mbili mbili kwa stirioskopu mpaka vilima vikainuka mbele ya macho.

Mmoja wa waliozipa dalili hizo kanuni ni Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika. Aliona kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni hufuatana kwa mpangilio unaojirudia kilima baada ya kilima, na mwaka 1935 akauita mpangilio huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka uliofuata ikatoka ramani yake ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Watafiti wa ukanda huo waliazima hata neno la Kiswahili: udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika, waliuandika “mbuga”, na mpaka leo unasomeka hivyo ndani ya ripoti zao za Kiingereza.

Katena ina uzito mkubwa kwa mtu anayeingiza ramani kwenye kompyuta. Baka moja la rangi moja linaweza kuwa limebeba mnyororo mzima: udongo mwekundu juu, wa kahawia katikati, mweusi chini. Mchoraji hakuutenganisha kwa sababu kwa skeli yake usingeonekana, lakini aliuandika kwenye ufunguo, na maelezo kamili akayaweka kwenye ripoti iliyoambatana na ramani. Karatasi ya rangi, ufunguo na ripoti ni kitu kimoja kilichogawanywa vipande vitatu. Makabatini huwa vimeshatengana: ramani iko kwenye droo ya ramani, ripoti iko kwenye rafu ya vitabu jengo jingine, na aliyejua kwamba vinahusiana alistaafu zamani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusichimbe upya. Sehemu ya jibu ni fedha. Sehemu nyingine ni kwamba baadhi ya mashimo hayachimbiki tena, kwa kuwa juu yake kuna mji au maji ya bwawa. Na hata panapochimbika, kaboni ya udongo iliyopimwa mwaka 1960 haiwezi kupimwa leo, maana ardhi imelimwa zaidi ya miaka sitini tangu hapo. Anayetaka kujua kilimo kimeufanya nini udongo anahitaji namba ya mwanzo, na namba hiyo iko kwenye karatasi.

Mbele ya skana

Kazi ya kwanza ni ya mikono. Ramani iliyokaa ndani ya mrija miaka arobaini haitaki kulala. Hulazwa chini ya uzito, wakati mwingine baada ya kupewa unyevu kidogo kwa uangalifu. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Yenye michaniko haipitishwi kwenye skana inayovuta karatasi kwa roda, maana roda humalizia mchaniko uliopo. Hiyo hulazwa mezani na kupigwa picha na kamera iliyosimama juu yake.

Hapo linakuja suala la ukubwa. Karatasi ya mita 1 kwa sentimita 80, ikiskaniwa kwa nukta 400 kwa inchi na kwa rangi kamili, hutoa faili ya karibu megabaiti 600 kabla ya kubanwa. Kishawishi cha kuihifadhi kama JPEG ni kikubwa, na kwa nakala ya kutazama tu si kosa. Lakini JPEG hupunguza faili kwa kutupa habari ambazo jicho halizikosi kwenye picha ya mandhari. Kwenye ramani habari hizo ndizo ncha za mistari na miguu ya herufi, na kila mstari mwembamba hubaki na ukungu pembeni. Nakala kuu inafaa iwe TIFF isiyopotezewa kitu, na nyepesi zizaliwe kutoka kwake.

Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Wachapaji wa zamani hawakutumia wino tofauti kwa kila aina ya udongo. Kahawia hafifu mara nyingi ni wino uleule wa kahawia iliyokolea, ila umewekwa kwa nukta zilizoachana. Chini ya skana nukta hizo hukorofishana na pikseli na kuzaa mawimbi ambayo hayapo kwenye karatasi. Ongeza miaka hamsini ya mwanga wa dirishani, na rangi mbili zilizokuwa jirani kwenye ufunguo zimekuwa moja. Ndiyo maana pembeni ya ramani huwekwa kipande cha rangi sanifu wakati wa kuskani, ili baadaye ijulikane ni kiasi gani cha rangi ni cha karatasi na kiasi gani ni cha mashine. Na ndiyo maana, rangi na herufi zikigongana, mimi naziamini herufi.

Kuna ramani ambazo hazikuchapwa kamwe. Zilipakwa rangi kwa mkono juu ya nakala za diazo, aina ya karatasi inayofifia ikikaa kwenye mwanga, na huenda imebaki moja tu duniani. Kama fedha ni za kuskani ramani mia na kabatini zipo elfu, hizo zingetangulia, hata kama zimechakaa na hazipendezi kwenye maonyesho. Iliyochapwa nakala mia tano inaweza kusubiri.

Kuirudisha ramani mahali pake duniani

Picha iliyotoka kwenye skana haijui iko wapi. Kompyuta inaona pikseli tu. Ili iweze kulazwa juu ya picha ya setilaiti au kusomwa na simu yenye GPS, inabidi ielezwe kwamba pikseli hii ni latitudo hii na longitudo hii. Anayefanya kazi hiyo hutafuta alama anazozijua kwa hakika. Bora ni zile za msalaba ambapo mistari ya latitudo na longitudo inakutana, kwa sababu mto huhama na barabara hunyooshwa, lakini msalaba uliochorwa kwa hesabu haubadiliki. Kwa hesabu alama tatu zinatosha kuigeuza na kuivuta ramani nzima. Kwa busara huwekwa nyingi zaidi, zikatawanywa hadi kwenye pembe, ili makosa yaonekane.

Na makosa yapo. Karatasi ni kama mti ilikotoka: hunywa unyevu ikapanuka, hukauka ikasinyaa, na hufanya hivyo zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Karatasi ya sentimita 60 iliyosinyaa nusu asilimia imepoteza milimita 3. Kwenye skeli ya 1:50,000 milimita 3 ni mita 150 za ardhi.

Kosa jingine halionekani kwa jicho hata kidogo. Ramani za zamani zilipimwa kwa kukisia umbo la dunia tofauti na lile linalotumiwa na GPS. Afrika Mashariki, kwa mfano, ilitumia mfumo uitwao Arc 1960, na viwianishi vyake vikichukuliwa kana kwamba ni vya WGS 84, ambao ndio wa GPS, kila kitu husogea takriban mita 300. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Ramani italala vizuri, mistari yake itaonekana nadhifu, na shimo lililochimbwa mteremkoni litajikuta bondeni. Jina la mfumo huandikwa kwa herufi ndogo sana chini ya ramani, kwenye ukingo uleule ambao watu huukata.

Herufi chache zenye mengi

Hatua inayofuata ni kuzigeuza rangi ziwe maumbo: kila baka linazungushiwa mstari wa kidijitali na kupewa safu yake kwenye hifadhidata. Zipo programu zinazojaribu kuifanya kazi hii zenyewe. Mawimbi ya nukta, majina ya miji yaliyokatiza mipaka na mito iliyochorwa juu ya rangi huzichanganya, na mpaka sasa jicho la mtu na subira yake bado vinahitajika.

Kinachoingia kwenye ile safu ndicho chenye thamani. Chukua Ramani ya Udongo ya Dunia ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Unesco, ya skeli ya 1:5,000,000, iliyoanza kuandaliwa mwaka 1961 na kutolewa karatasi baada ya karatasi kuanzia 1971 hadi 1981. Ndani ya mabaka yake kuna alama za mtindo huu: Vp14-3a. V ni Vertisoli, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Herufi p inasema ni wa rangi nyeusi nyeusi. Namba 14 inakupeleka kwenye kitabu cha maelezo kutazama ni udongo gani mwingine umechanganyika humo: ule unaofikia asilimia 20 au zaidi ya eneo, na ule ulio chini ya hapo. Tarakimu 3 ni chembe laini, mfinyanzi mwingi. Herufi a ni ardhi tambarare au yenye mteremko usiozidi asilimia 8. Soma 3 kama 8, au acha ile a kwa kuwa ilifunikwa na mkunjo, na umebadilisha ardhi yenyewe. Andika tu “Vertisoli” kwenye hifadhidata, kama inavyofanyika mara nyingi, na umetupa habari nne kati ya tano.

Majina nayo hayatulii. Ufunguo wa ramani ya FAO uliwekwa mwaka 1974 na kurekebishwa 1988. Humo Lithosoli, yaani udongo wa kina kifupi juu ya mwamba, zikaingia kwenye kundi jipya la Leptosoli, na Xerosoli na Yermosoli, zilizotambuliwa kwa ukame wa hali ya hewa, zikafutwa. Mwaka 1998 ukaja WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ambao toleo lake la nne lilitoka 2022. Nchi nyingi zilikuwa na mifumo yao wenyewe kabla ya yote hayo. Mwenye nia njema hushawishika kulisafisha jina la zamani na kuweka la kisasa. Asifanye hivyo. Jina la mwanzo libaki kama lilivyoandikwa, hata na makosa yake ya tahajia, na tafsiri ya kisasa iwekwe safu ya pembeni ikiwa na jina la aliyeitafsiri na mwaka. Tafsiri inaweza kukosewa na kurudiwa. Jina la mwanzo likifutwa, hakuna pa kurudi.

Uhakika usiokuwepo

Karatasi ina heshima moja ambayo skrini haina: inaonyesha mipaka ya ujuzi wake. Ukiisogeza karibu na macho, mstari unanenepa. Mstari wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:50,000 umefunika mita 25 za ardhi. Kwenye 1:250,000, mita 125. Kwenye 1:1,000,000, nusu kilomita. Watafiti wa udongo wana kanuni pia kwamba baka dogo kuliko takriban sentimita za mraba 0.4 halisomeki, kwa hiyo kwenye 1:250,000 eneo lolote chini ya hekta 250 linamezwa na jirani yake. Aliyechora alijua hivyo, na aliyeisoma kwenye karatasi alihisi hivyo.

Kwenye skrini mstari uleule hauna unene. Mkulima anavuta karibu mpaka aone paa la nyumba yake, na mstari bado ni mwembamba, umepita kati ya migomba yake miwili kana kwamba mtu alisimama pale na kuuweka. Programu haikumwambia kitu. Anayepanga mradi wa umwagiliaji anaweza kufanya vivyo hivyo, na hasara yake ni kubwa zaidi.

Hata taasisi kubwa hulazimika kupambana na hili. Hifadhidata ya udongo ya dunia nzima iliyotolewa na FAO na washirika wake mwaka 2008 imepangwa kwa vyumba vya mraba vya takriban kilomita moja. Lakini kwa maeneo kama Afrika Magharibi na Asia Kusini, kilichojaza vyumba hivyo kilikuwa bado ile ramani ya 1:5,000,000, ambayo nusu milimita yake ni kilomita mbili na nusu. Watayarishaji walilieleza hilo wazi kwenye maelezo yao. Wanaopakua faili wengi hawafungui maelezo. Mimi ningependa skeli ya asili iandikwe ndani ya kila umbo, si kwenye waraka wa pembeni, na programu ikatae kukuza ramani kupita kiwango chake, au angalau mstari unenepe mtu anapousogelea.

Zikifika kwa watu

Kazi kubwa imeshafanyika. ISRIC, kituo cha taarifa za udongo kilichoko Wageningen, Uholanzi, kimekusanya ramani na ripoti tangu 1966, na kwa kushirikiana na Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya kiliweka mtandaoni hazina iitwayo EuDASM, yenye ramani zinazokaribia 6,000 za nchi zaidi ya 100. Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kinatunza WOSSAC, ambamo kuna maelfu ya ripoti, ramani na picha za angani zilizoachwa na wapimaji udongo waliofanya kazi nje ya nchi hiyo. Kutoka kwenye ripoti za zamani za namna hii ISRIC ilikusanya pia maelezo ya mashimo zaidi ya 18,000 ya Afrika, kila shimo na tabaka zake, na kuyaweka kwenye hifadhidata moja iliyo wazi. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote, kwa kuwa inarudi hadi kwenye shimo. Mstari ni maoni ya mchoraji. Shimo ni ushahidi.

Kuweka mtandaoni si kufikisha. Faili ya megabaiti 600 haifunguki kwenye simu, kwa hiyo ramani hukatwa vigae vidogo vinavyopakuliwa kimoja kimoja mtu anapotazama, na faili nzima huwekwa kando kwa anayeihitaji. Katalogi nayo inatakiwa ijue kwamba wilaya iliyoandikwa kwenye ramani huenda ilibadilishwa jina au kugawanywa mara tatu. Haki ya kunakili huwa na fundo lake: ramani ilichorwa na idara ya serikali ambayo haipo tena, kwa fedha za nchi nyingine, ikachapwa na kampuni ya tatu. Wahifadhi wengi hukwama hapo na ramani hurudi kabatini. Leseni iliyo wazi, iliyoandikwa waziwazi kando ya kila faili, huondoa woga kwa anayetaka kuitumia.

Kisha lipo swali ambalo ofisi zenye uhaba wa nafasi hupenda kulijibu haraka: tukishaskani, karatasi ya nini? Kanada ina jibu. Katika miaka ya 1960 Roger Tomlinson na wenzake walitengeneza huko mfumo wa kwanza wa kompyuta wa aina yake kwa ajili ya ramani za ardhi za nchi nzima, zikiwemo za uwezo wa udongo kwa kilimo. IBM iliunda skana kubwa ya pipa mahsusi kwa kazi hiyo. Ramani ziliingia kwenye tepu za sumaku. Teknolojia ikapita, na miaka ya 1990 ilibidi wataalamu wakusanyike kuziokoa tepu hizo na kuzifanya zisomeke tena kwenye mashine za kisasa. Ramani ya karatasi ya miaka hiyohiyo ilihitaji dirisha lenye mwanga tu. Faili inahitaji mlinzi: nakala tatu, moja ikae jengo jingine, kila moja ihakikiwe mara kwa mara kama haijaharibika, na umbo la faili libadilishwe kabla programu zinazolisoma hazijatoweka. Karatasi nayo ilazwe kwenye droo kavu, bila gundi na bila mkunjo.

Ukizikuta ramani za namna hii stoo na huna skana wala bajeti, ila simu tu na mchana mmoja, anza na ukingo: skeli, mwaka, mfumo wa vipimo (kama ule Arc 1960), majina ya waliopima. Piga ufunguo karibu sana mpaka kila alama isomeke, na namba ya ripoti popote ilipoandikwa. Geuza karatasi utazame nyuma, kwa sababu huenda wapimaji waliandika kwa penseli huko mahali walipochimba. Rangi zipige mwisho. Kisha nenda kwenye rafu za vitabu ukaitafute ile ripoti.